Mizani Mbili na Nyuzi Mia Mbili

Ilikuwa Ijumaa moja katikati ya Desemba, saa mbili kasorobo usiku, nipo ndani ya daladala maeneo ya Buzuruga narudi nyumbani. Simu ikaita. Alikuwa meneja wa kampuni ya mabasi ambayo ofisi yetu iliitengenezea mfumo wa kukata tiketi mtandaoni. Hakusalimia. "Watu hawapati tiketi, ukurasa unazunguka tu. Na hapa nina mama hela yake imekatwa, tiketi hana."

Nikashuka kituo kilichofuata, nikavuka barabara, nikapanda gari la kurudi mjini.

Anayeishi Mwanza anaijua Desemba. Wahaya wanarudi Bukoba, Wachaga wanakwenda Moshi, Wajita na Wakurya wanaelekea Mara, wanafunzi wa vyuo wanafunga mabegi wiki moja. Kiti cha basi siku hizo hakingoji mtu. Mama aliyekatwa nauli ya watu wanne hana nauli nyingine mfukoni. Atasimama pale stendi na watoto wake mpaka mtu fulani ofisini aseme pesa zake zimekwenda wapi. Huyo mtu fulani, usiku ule, nilikuwa mimi. Ndiyo maana mpaka leo nikiona kijana anajaza tarakimu kwenye faili la usanidi wa seva bila kuipima, roho inanienda mbio.

Ofisi yetu ni chumba kimoja na nusu karibu na Barabara ya Makongoro. Nilifungua kompyuta bila hata kuwasha feni. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba seva ilikuwa imetulia. Prosesa inatumika asilimia 6, RAM iko vizuri, diski kimya. Kwa namba hizo ungesema mashine imelala. Lakini kila nikifungua ukurasa wa ratiba, ukurasa ambao hauhitaji chochote zaidi ya kusoma jedwali la safari, nasubiri sekunde 30 kamili halafu naletewa kosa.

Kwa ambaye hajawahi kulifungua faili la namna hii, nieleze kidogo. Mfumo wetu uliandikwa kwa lugha ya Java, unaendeshwa ndani ya Tomcat, seva ya programu za Java. Mbele yake imekaa Apache, seva ya wavuti inayopokea maombi kwanza, nyuma yake ipo hifadhidata ya PostgreSQL. Ombi la abiria likifika, Tomcat inalikabidhi kwa uzi mmoja wa kazi. Wengi kazini tunasema thredi. Mimi nitasema uzi, neno lipo na linatosha. Uzi huo unalibeba ombi tangu mwanzo hadi mwisho: unalisoma, unauliza hifadhidata, unapiga hodi kwenye mtandao wa malipo, unatengeneza ukurasa, unaurudisha. Mpaka umalize, haushiki ombi lingine. Usipogusa kitu, Tomcat inakuwa na nyuzi zisizozidi 200, na namba hiyo imeandikwa kwa jina la maxThreads.

Nikaangalia: nyuzi 200 kati ya 200 zina kazi.

Basi nikafanya kile ambacho watu wengi hufanya. Nikaona wafanyakazi hawatoshi, nikaongeza. Kutoka 200 mpaka 800, nikaizima seva na kuiwasha upya. Kurasa zikafunguka kama zamani kwa dakika nne hivi, nikampigia meneja kumwambia mambo yamekaa sawa. Sijamaliza kuongea, namba ikasoma 800 kati ya 800. Safari hii na kumbukumbu nayo ikaanza kubana, maana kila uzi wa Java kwenye Linux ya biti 64 hutengewa kwa kawaida megabaiti 1 ya kumbukumbu kwa ajili yake peke yake, na juu ya hapo kila ombi lina vitu vyake linavyovishikilia. Si kwamba gigabaiti nzima inaliwa papo hapo, lakini seva yetu ilikuwa na RAM ya gigabaiti 8 na hifadhidata ilikuwa inakaa humo humo.

Kwenye logi, faili ambamo seva huandika yanayotokea, nikaona malalamiko ya HikariCP, ile programu inayotunza miunganisho ya hifadhidata. Inasema imesubiri sekunde 30, haikupata muunganisho. Nikaona hapo napo ni padogo, miunganisho 10 tu, nikapandisha mpaka 150. PostgreSQL ikakataa: yenyewe, isipoguswa, inapokea miunganisho 100 jumla. Sasa hata ile programu ndogo ya mhasibu, ambayo siku zote haina tatizo na mtu, ikashindwa kuingia.

Kwa hiyo ndani ya dakika arobaini nilikuwa nimebadilisha namba mbili, na kila moja ilikuwa imeusogeza msongamano mahali pabaya zaidi.

Dada aliyenitangulia kazini alifika saa tatu na nusu, bado amevaa kitenge cha nyumbani. Hakunigombeza. Aliniambia nirudishe namba zote mbili zilivyokuwa, 200 na 10. Kisha akavuta kiti.

"Mdogo wangu, umeongeza watu. Umewauliza wanasubiri nini?"

Akaandika amri moja, jstack, akaielekeza kwenye faili. Amri hiyo hupiga picha ya nyuzi zote kwa wakati mmoja na kuonyesha kila uzi umesimama kwenye mstari gani wa programu. Faili likatoka refu sana. Hakulisoma lote, alitafuta maneno yanayojirudia, akahesabu, akaandika kwenye karatasi ya nyuma ya daftari langu. Akarudia mara tatu, kila baada ya sekunde kumi, kwa sababu picha moja inaweza kukudanganya.

Nyuzi 10 zilikuwa kwenye mstari mmoja ule ule: zinasoma soketi, zinasubiri jibu kutoka mtandao wa malipo ya simu. Karibu zote zilizobaki zilikuwa kwenye mstari mwingine: zinaomba muunganisho wa hifadhidata kutoka HikariCP.

Akagonga kalamu juu ya ile 10. "Hizi ndizo zimeshika funguo zote. Hizi nyingine zinazisubiri hizi."

Programu yetu ilikuwa inafanya hivi. Abiria akichagua kiti, tunafungua muamala kwenye hifadhidata (yaani kundi la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kufutwa yote), tunakifunga kiti kwa jina lake, halafu, muamala ukiwa bado wazi, tunatuma ombi la malipo na kukaa kusubiri jibu. Jibu likija tunafunga muamala. Mwaka mzima jibu lilikuwa linakuja ndani ya sekunde mbili, hakuna aliyeona ubaya. Jioni ile, kwa wingi wa watu, jibu likawa linachukua sekunde 40. Na sisi hatukuweka ukomo wa kusubiri. Kila muunganisho ulikuwa unakaa mkononi mwa uzi mmoja sekunde 40, umeshikwa, haufanyi kitu. Abiria anayetaka tu kuangalia basi la Musoma linaondoka saa ngapi naye anahitaji muunganisho kwa milisekunde chache tu, lakini haupati.

Nilipoiona ile karatasi, nilikumbuka maisha ya mwaloni, pale boti za samaki zinaposhushia mzigo.

Baba yangu mdogo ni wakala wa samaki. Nikiwa shule ya msingi, likizo nilishinda naye kwenye mwalo mmoja upande wa Ilemela, nikimwandikia kilo kwenye daftari. Boti za kukusanya samaki huingia alfajiri kutoka visiwani, sangara wamelazwa kwenye barafu iliyopondwa. Wachukuzi wanaingia majini mpaka kiunoni, wanapokea kreti, wanaipandisha kichwani, wanatembea nayo hadi kwenye mizani. Pale mizani zilikuwa mbili.

Asubuhi moja boti nne zikaingia kwa mpigo. Mwenye boti mmoja, kwa haraka zake, akaita wachukuzi wengine kumi na zaidi. Kwa muda mfupi ilipendeza, samaki wanashuka kama mvua. Halafu mbele ya mizani pakawa na msururu wa watu waliobeba. Maji ya barafu yanawatiririka shingoni na kuingia ndani ya shati. Hakuna wa kutua kreti, chini ni matope. Hakuna wa kurudi nyuma, nyuma yake kuna mwenzake. Hata aliyekwisha kupimiwa akakosa pa kupitia na kreti tupu, na mpimaji akawa anapiga kelele kuliko anavyopima. Nakumbuka kijana mmoja, miguu inamtetemeka, macho ameyakaza kwenye mshale wa mizani kana kwamba ataweza kuuharakisha.

Baba mdogo alipanda juu ya gogo akapaza sauti: "Samaki akae kwenye barafu! Wachukuzi sita tu, wengine mkae chini ya mwembe!" Wengine walinung'unika, lakini walikaa. Kreti zikabaki botini, kwenye barafu yake. Njia ikafunguka. Mizani zikaanza kwenda, moja huku, moja kule, na boti zote nne zikaisha kabla jua halijawa kali.

Mchukuzi aliyesimama na kreti kichwani ukimtazama kwa mbali utasema hana kazi, kwa sababu hasogei. Lakini ameshika mzigo, amechukua nafasi, na anachoka. Seva yangu ilikuwa vivyo hivyo: prosesa asilimia 6, nyuzi 200 kati ya 200. Nami nilikuwa yule mwenye boti.

Hesabu yake ipo, na ni nyepesi kiasi kwamba naona vibaya kuwa hatufundishwi mapema. Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa. Chukua maombi 20 kwa sekunde, kila moja linakaa sekunde 0.3. Walioko ndani kwa wakati mmoja ni 6. Sita tu. Kwa siku ya kawaida seva yetu ingetosheka na nyuzi chini ya kumi, na sisi tuliweka 200 kwa sababu ndivyo ilivyokuja. Sasa geuza upande wa pili. Miunganisho 10, kila mmoja umeshikwa sekunde 40. Hiyo ni malipo 15 kwa dakika, basi, hata ukileta nyuzi elfu kumi. Mpaka halisi wa mfumo wetu haukuwa 200 wala 800. Ulikuwa 10, na ulikuwa umeandikwa kwenye faili lingine kabisa ambalo sikuwa nimelifungua tangu tulipokabidhi kazi.

Tena kulikuwa na jambo lililofanya pesa za watu zipotee njiani. Baadhi ya nyuzi zilikatika katikati nilipoizima seva na kuiwasha. Muamala wa hifadhidata ukarudishwa nyuma, kiti kikawa wazi tena, lakini ombi la malipo lilikwisha kutumwa na mtandao wa simu ukakata hela. Yaani kila nilipowasha upya nikidhani naokoa jahazi, nilikuwa naongeza idadi ya akina mama wa stendi. Hilo liliniuma kuliko yote na sijalisahau.

Usiku ule dada aliweka ukomo wa kusubiri malipo, sekunde 8, na kuacha namba nyingine zote kama zilivyo. Kurasa za ratiba zikarudi ndani ya dakika moja. Kisha tukakaa wawili mpaka alfajiri, mmoja anasoma orodha ya malipo yaliyokatwa, mwingine anatafuta kiti kinacholingana nayo, moja moja, na meneja yuko kwenye simu upande wa pili anaandika tiketi kwa mkono. Yule mama wa kwanza alipata viti vyake vinne.

Kazi ya kweli tuliifanya Jumamosi na Jumapili. Tuliutoa wito wa malipo nje ya muamala. Sasa kiti kinafungwa kwa hali ya "inasubiri malipo", muamala unafungwa hapo hapo, muunganisho unarudi kwenye kundi, ndipo ombi la malipo linatumwa. Jibu likija lenyewe baadaye, tunakamilisha. Lisipokuja kwa dakika kumi, kiti kinaachiwa na kuna kazi ya pembeni inayouliza mtandao wa malipo kama hela ilikatwa au la. Kisha tukayatenga malipo kwenye kundi lake la nyuzi, 12 tu, ili hata mtandao wa malipo ukizama usizivute chini kurasa nyingine. Meli kubwa za ziwani zina kuta za ndani zinazogawa tumbo la meli. Maji yakiingia chumba kimoja yanabaki humo. Ni wazo hilo hilo.

Ndipo tukarudi kwenye ile maxThreads, mara hii kwa kipimo. Kuna kanuni ya kuanzia ambayo naipenda kwa sababu inakulazimisha kupima kabla ya kuandika: idadi ya nyuzi = viini vya prosesa × (1 + muda wa kusubiri ÷ muda wa kukokotoa). Sisi tuna viini 4. Tulipopima, ombi la kawaida lilitumia prosesa milisekunde 20 na kusubiri milisekunde 180. Kusubiri ni mara tisa ya kukokotoa, kwa hiyo 4 mara 10, nyuzi 40. Kama kazi yako ni ya kukokotoa tupu, tuseme kupunguza ukubwa wa picha, kusubiri ni karibu sifuri na nyuzi zinazokufaa ni sawa na viini ulivyonavyo. Ukiweka zaidi, prosesa inapoteza muda kuhama kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Arobaini si jibu la mwisho. Ni mahali pa kuanzia kupimia, na tofauti yake na 800 inajieleza.

Tuliposhusha namba, meneja aliogopa. Akauliza kama tunawafungia watu mlango. Nilimweleza kwamba foleni ipo kwa vyovyote vile, Desemba haiondoki. Tunachochagua ni mahali pa kuipanga. Abiria anayesubiri nje kidogo hajashika uzi, hajashika muunganisho, hajafunga kiti cha mtu. Samaki yuko kwenye barafu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Tomcat ya siku hizi, nyuzi zote zikiwa na kazi, bado inaendelea kupokea miunganisho hadi 8192, na ikifika hapo ndipo ile foleni ya acceptCount, ambayo ni 100, inaanza. Ukishusha nyuzi ukaacha 8192 hiyo, umewapanga watu elfu nane mlangoni kimya kimya, na wa mwisho atahudumiwa wakati amekwisha kukata tamaa na kubonyeza mara tano. Tuliishusha nayo namba hiyo, inayoitwa maxConnections. Anayezidi anapewa mara moja ukurasa mwepesi unaosema abiria ni wengi, jaribu tena baada ya dakika moja. Mtu akiambiwa ukweli haraka hulalamika kidogo kuliko anayezungushwa.

Nisiiache Apache, maana wengi wenu mnaonisoma mnatumia hiyo tu. Kwenye toleo la 2.4, ukitumia mfumo wake wa kugawa kazi uitwao event, namba kubwa ni MaxRequestWorkers. Inatokana na namba mbili: prosesi (nakala za Apache zinazoendeshwa pamoja) zisizozidi 16 za ServerLimit, kila moja na nyuzi 25 za ThreadsPerChild, jumla 400. Nimekutana na watu walioandika MaxRequestWorkers 1000, wakawasha upya, wakaamini wana 1000. Hawana. ServerLimit haijaguswa, kwa hiyo Apache inaishusha yenyewe mpaka 400 na kuandika onyo kwenye logi ambayo hakuna anayeisoma. Na ukiibadilisha ServerLimit, kuwasha upya kwa ulaini, bila kuwakata waliomo, hakutoshi. Lazima uizime kabisa kisha uiwashe.

Kama unaendesha programu za lugha ya PHP kwa njia ya zamani, ndani ya Apache yenyewe, pengine hutumii event kabisa bali prefork, ambapo hakuna nyuzi: kila ombi linachukua prosesi nzima, na prosesi moja inaweza kula makumi ya megabaiti. Hapo hesabu ni ya RAM kwanza. Ihamishie PHP kwenye PHP-FPM, programu inayoiendesha PHP nje ya Apache, uache Apache itumie event. Nimewafanyia hivyo wateja wawili na sijawahi kujuta.

Event inafaa hasa kwetu huku kwa sababu ya simu zenye mtandao dhaifu. Mtu yuko kisiwani Ukara au ndani ya boti kuelekea Nansio, mtandao unakuja na kupotea. Anafungua ukurasa, unamfikia kidogo kidogo. Kwa mfumo wa zamani uzi ungekaa naye kwa muda wote ule, hata akiwa amemaliza kusoma na muunganisho umebaki wazi tu kungoja kama atabonyeza kingine. Kwenye event, muunganisho uliokaa bila kazi unarudishwa kwa uzi mmoja msikilizaji unaolinda mamia kwa pamoja, na nyuzi za kazi zinaendelea na wengine. Ndiyo maana tunaiweka Apache mbele ya Tomcat: ianze yenyewe kuvumiliana na mitandao ya polepole, Tomcat ipelekewe ombi lililokwisha kamilika. Wanaopendelea kuweka Nginx, seva nyingine ya wavuti, mbele wanapata faida ile ile.

Vijana waliojiunga nasi karibuni huniuliza kwa nini tunajisumbua na hesabu hizi wakati Java 21, iliyotoka Septemba 2023, imeleta nyuzi pepe (virtual threads). Ni swali zuri. Nyuzi pepe ni nyepesi sana. Unaweza kuwa nazo laki kadhaa, na uzi pepe unaosubiri soketi hauishikilii prosesa wala hautengewi megabaiti nzima. Kwa kazi ya kusubiri kama yetu ni baraka, na tumeanza kuzitumia kwenye sehemu mbili. Lakini niliwarudisha kwenye ile karatasi ya dada, ambayo nimeibandika ukutani: 10 na 190. Ukiwasha nyuzi pepe usiku ule, ungekuwa na 10 na elfu kumi. PostgreSQL haijali uzi wako ni pepe au si pepe. Mizani ni zile zile mbili, na sasa huna hata kikomo cha wachukuzi, kwa hiyo kikomo inabidi ukiweke mwenyewe pale penye mizani.

Mwaka uliofuata, Desemba, nilikaa ofisini makusudi usiku wa Ijumaa ile ile. Mtandao wa malipo ukasuasua tena, kama kawaida yake msimu huo. Kundi la malipo likajaa, 12 kati ya 12. Ratiba, viti na marekebisho ya safari vikaendelea kufunguka kama hakuna kilichotokea. Watu kadhaa waliambiwa wajaribu tena baada ya dakika moja, wakajaribu, wakapata. Simu ya meneja haikuita. Saa nne nikanunua sato wa kukaanga na ndizi pale barabarani, nikarudi kukaa mbele ya skrini, kwa sababu nilikuwa bado siamini.

Sasa hivi tunabishana, mimi na dada. Tumehamia seva yenye viini 8, na wateja wameongezeka. Kundi la miunganisho tumelifikisha 20. Yeye anataka nyuzi 64, mimi naona 80, kwa sababu nimeona maombi ya ratiba yanayotoka kwenye hifadhi ya muda bila kuigusa hifadhidata yamekuwa mengi. Alhamisi saa nane usiku, mabasi ya mwisho yakiwa yamelala stendi, tutapeleka mzigo wa bandia kwa nusu saa kwa 64, nusu saa kwa 80, na jstack kila baada ya sekunde kumi. Karatasi mpya ya kuhesabia ameshaiandaa.